Safari ya kwanza ya kuwinda elki: yale ambayo mwongozaji hawezi kukufanyia

Kila inapofika Januari napata simu ya aina moja kutoka kwa jamaa wa hapa Colorado na majimbo ya jirani. “Kaka, nimeona kampuni ya uwindaji, wanachukua dola elfu saba, kila kitu humo humo. Nilipe?” Nami namrudishia swali: tagi unayo? Kimya. Wengi wanadhani fedha hiyo inanunua elki. Inanunua mtu anayelijua pori, farasi wa kupanda, hema lenye jiko la kuni na chakula cha moto. Ruhusa ya kumuua mnyama, yaani hiyo tagi, ni jambo jingine kabisa, kati yako na idara ya wanyamapori ya jimbo, na kwa kawaida wewe ndiye unayeiomba na wewe ndiye unayeilipia.

Kwa ambao hawajamwona, elki ni wa ukoo wa kulungu wa nchi za baridi, wale ambao madume yao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Dume mzima hupita kilo 300, yaani mkubwa kuliko tandala, mdogo kuliko pofu. Mkenya aliyekua akijua kwamba uwindaji ulipigwa marufuku kwao tangu 1977 hushtuka akisikia habari hizi, na Mtanzania huona ni mambo ya watalii matajiri. Huku, mwalimu wa shule na fundi bomba wanaingia porini kila Oktoba kutafuta nyama ya kujaza friza, na hakuna anayewashangaa.

Basi anza na makaratasi. Msimu mkuu ni kuanzia Septemba hadi Novemba, lakini milango inafungwa mapema mno. Wyoming hufunga maombi ya elki kwa wasio wakazi mwanzoni mwa Februari, New Mexico mwezi Machi, Montana tarehe 1 Aprili, Colorado Jumanne ya kwanza ya Aprili. Hakikisha tarehe ya mwaka wako kwenye tovuti ya jimbo lenyewe, kwa sababu kanuni hizi huguswa karibu kila mwaka. Vibali vingi hutolewa kwa bahati nasibu. Colorado na Wyoming wana mfumo wa pointi: anayekosa mwaka huu anaweza kujiwekea pointi ya kumsogeza mbele mwaka ujao. New Mexico haina pointi, ila imetenga asilimia 10 ya vibali vya bahati nasibu kwa waliokwisha kufunga mkataba na kampuni ya uongozaji, wakati wageni wasio na mkataba wanagombea asilimia 6. Huko, kusaini mapema kuna faida inayoonekana. Wyoming nayo ina sheria yake: asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika maeneo ambayo serikali ya shirikisho imeyatenga yabaki pori tupu lisilo na barabara, mpaka awe na mwongozaji mwenye leseni au mkazi wa jimbo wa kufuatana naye.

Angalia pia kama wewe ni mkazi au mgeni. Colorado humhesabu mkazi mtu aliyeishi humo miezi 6 mfululizo, na tofauti ya bei inauma: leseni ya elki ya mkazi haifiki dola 100, ya dume kwa mgeni inapita dola 700. Na bila cheti cha kozi ya usalama wa wawindaji, yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye kwa kawaida hauziwi leseni. Kozi hiyo si ngumu, na cheti chake kinakubalika majimbo mengine, lakini madarasa hujaa. Usingoje Agosti.

Hapa niseme jambo ambalo kampuni nyingi hazitakuuliza. Raia na mwenye grini kadi hawana shida. Aliyeingia kwa visa ya muda, awe mwanafunzi au mtalii, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani. Maana yake, hata kwenye uwanja wa shabaha usiguse bunduki ya rafiki kabla leseni haijawa mfukoni. Zungumza na wakili wa uhamiaji kwanza. Saa moja ya wakili ni nafuu kuliko kesi.

Sasa kampuni. Colorado, kampuni za uwindaji husajiliwa na ofisi maalumu iliyo chini ya idara ya jimbo inayosimamia taaluma. Wyoming wana bodi yao ya waongozaji. Jina la kampuni unalitafuta humo mwenyewe, mtandaoni. Kama wanawinda kwenye ardhi ya umma, waombe pia kibali chao cha Idara ya Misitu ya Marekani au cha wasimamizi wa ardhi ya shirikisho. Mwenye kampuni halali hatakasirika kuulizwa.

Ukiongea nao kwa simu, usiulize “mnapata elki?” Watasema ndiyo. Uliza mwongozaji mmoja anachukua wawindaji wangapi, kwa sababu mmoja kwa mmoja na mmoja kwa wawili ni safari mbili tofauti. Uliza asilimia wanayoitangaza ni ya waliorudi na nyama au ya “waliopata nafasi ya kufyatua”. Kampuni nyingine huhesabu hata aliyekosa. Uliza mnyama akijeruhiwa asipatikane inakuwaje: sehemu nyingi, hasa ranchi binafsi, tone la damu likishaonekana chini, safari yako imekwisha. Uliza malipo ya awali yanarudi au hayarudi ukikosa kibali kwenye bahati nasibu, na jibu hilo liandikwe kwenye mkataba. Kisha omba namba za simu za wateja watatu, mmoja wao awe aliyeondoka mikono mitupu. Huyo wa mwisho ndiye atakayekusimulia habari za chakula, farasi, na tabia ya mwongozaji siku ya nne mvua ikinyesha.

Kwa kulinganisha, jimbo zima la Colorado hupata takriban mwindaji mmoja kati ya watano anayefanikiwa, na wengi wao wanawinda peke yao. Mwongozaji mzuri anapandisha nafasi hiyo. Anayekuahidi asilimia mia kwenye ardhi ya umma, mpigie saluti uende zako.

Utakutana pia na kitu cha bei nafuu: wanakubebea mizigo kwa farasi, wanakupeleka kwenye hema lililokwisha simikwa, wanakuacha, wanarudi baada ya siku kadhaa. Ni mpango mzuri kwa anayejua kumtafuta elki na kumchuna gizani. Kwa mara ya kwanza, hapana.

Na kama unaweza kuchagua, mara ya kwanza winda jike. Najua hili haliwapendezi vijana wanaotaka picha ya pembe. Lakini kibali cha jike mara nyingi hupatikana kwa urahisi zaidi, kampuni nyingi hutoza bei ya chini, nyama yake ni laini, na kila kitu unachohitaji kujifunza kuhusu upepo, umbali na kisu unajifunza vilevile. Dume ana masharti pia: sehemu nyingi za Colorado lazima awe na ncha nne au zaidi kwenye pembe moja, au ncha ya chini, ile iliyo juu ya paji la uso, iwe na urefu usiopungua inchi 5. Kuhesabu ncha kwa darubini, mnyama akiwa nyuma ya miti na moyo ukikupiga, si kazi ya mwanafunzi.

Mwili nao unataka muda. Kambi nyingi za elki zipo kwenye kimo cha kituo cha Mandara kule Kilimanjaro, mita 2,700 hivi, na asubuhi unapanda kutoka hapo. Atokaye Houston au Dar anafika akiwa na kichwa kinachogonga na hamu ya kula imepotea. Fika siku mbili kabla, ulale mji wa juu, kunywa maji mengi, pombe iache. Miezi mitatu kabla ya safari, panda ngazi ukiwa na begi lenye kilo 10 mgongoni, mara tatu au nne kwa wiki. Mbio za barabarani zinasaidia mapafu, ila hazifundishi magoti kushuka. Na kama kampuni inatumia farasi, lipia masomo machache ya kupanda kabla hujaenda. Saa mbili juu ya tandiko gizani, usipozoea, unashuka miguu haina kauli. Kampuni nyingi zina kikomo cha uzito wa mpandaji, kwa hiyo taja kilo zako za kweli.

Tukija kwenye bunduki, hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Colorado inataka bunduki ya elki iwe na mdomo usiopungua inchi .24 na risasi isiyo chini ya greni 85 (kipimo cha uzito wa risasi), lakini hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Bunduki za saizi ya .270, .308 na .30-06 zinatosha kabisa. Sikubaliani na wanaomshauri mgeni anunue magnamu kubwa, yaani bunduki ya risasi zenye baruti nyingi. Inampiga begani, anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta, na mtu anayefumba macho hawezi kuponywa na kipenyo cha risasi. Bora bunduki ya wastani uliyoizoea.

Mezani kwenye uwanja wa shabaha kila mtu ni fundi. Mlimani hakuna meza. Kwa hiyo, ukishairekebisha bunduki ipige sawasawa kwenye yadi 200, ondoka mezani. Piga ukiwa umekaa chini, umepiga goti, umeegemea fimbo mbili zilizofungwa kamba juu. Kimbia hadi kwenye gari na urudi, halafu piga ukiwa bado unahema. Tazama vitundu vyako kwenye karatasi. Umbali ambao vyote vinaingia ndani ya sahani ya chai, kwa mikao hiyo, ndio umbali wako, na umwambie mwongozaji bila aibu: “Mimi mwisho wangu yadi 200.” Atakuheshimu na atakusogeza karibu. Anayelenga, alenge nyuma tu ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua, mnyama akiwa amesimama ubavu. Akikugeuzia makalio, subiri. Ukishafyatua, jaza risasi nyingine na uendelee kumwangalia. Elki aliyepigwa vizuri mapafuni anaweza kutembea kama hajaguswa, kisha akaanguka.

Ukisafiri kwa ndege, bunduki iwe tupu ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, iende na mizigo ya chini, na uitangaze kaunta. Soma masharti ya risasi ya shirika lako la ndege. Ukifika kambini omba kuipima upya kabla ya siku ya kwanza, kwa maana darubini ya bunduki hugongwa njiani.

Siku yenyewe huanza saa kumi alfajiri au kabla. Sheria ya Colorado inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na mwongozaji atataka uwe umeshakaa mahali pako giza likiwa bado zito. Mtazame anavyoshughulika na upepo. Atakuwa na kichupa cha unga. Anabonyeza, unga unaelea, anaufuata kwa macho. Alfajiri hewa baridi huteremka bonde, kwa hiyo mnakuwa upande wa chini wa wanyama. Jua likipasha mteremko, hewa hugeuka kupanda, na hapo utaona anainuka ghafla na kusema tuhame, hata kama elki wanaonekana. Mfuate. Elki anaweza kusamehe kitu alichokiona; harufu hasamehi.

Katika misimu ya bunduki Colorado vaa rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, inchi 500 za mraba kiwiliwili, pamoja na kofia. Ndani yake vaa sufu. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Wyoming kaskazini-magharibi na Montana kuna dubu wakubwa aina ya grizli, hivyo kopo la dawa ya pilipili likae kiunoni. Ndani ya begi halina kazi.

Mnyama akianguka, tagi kwanza: ijaze na uifunge kwenye mnyama. Kisha kazi ya kisu, na usikae pembeni kama mgeni rasmi: omba kufundishwa. Alama ya jinsia lazima ibaki imeshikamana na nyama, na kuacha nyama porini ni kosa. Dume mmoja hutoa kilo 80 hadi 110 za nyama isiyo na mfupa, basi njoo na maboksi makubwa ya barafu na ujue mapema mchinjaji gani wa mji wa karibu atapokea. Kuna ugonjwa wa ubongo wa jamii ya kulungu, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967. Majimbo mengi yanakataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo kutoka nje. Peleka sampuli ipimwe, na nyama isiliwe mpaka majibu yatoke.

Wasomaji Waislamu, mambo haya yasemeni wakati wa kuhifadhi nafasi, si mlimani. Kwamba utataja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na kwamba mkimkuta bado yu hai utamchinja mwenyewe; mwongozaji akijua, atakuwekea kisu tayari na hatampiga risasi ya pili pasipo haja. Maswali ya kifiqhi kuhusu risasi mpelekee shekhe wako mapema. Na mpishi aambiwe kuhusu nguruwe, maana kifungua kinywa cha kambi hizi ni bekoni kila siku.

Mwisho ni bakshishi. Desturi ni asilimia 10 hadi 20 ya bei ya safari, umepata elki au hukupata, mradi mtu alifanya kazi. Usimpe mwongozaji peke yake. Mpishi na mtunza farasi wana bahasha zao. Beba taslimu kutoka mjini, kambini hakuna mtandao wa kutuma chochote.