Harufu ya oili iliyoungua: inatoka wapi?

Maswali ya wiki hii yamefanana mno, karibu yote ni harufu ya oili ndani ya gari. Nimechukua matano.

Shikamoo fundi. Nina Toyota IST. Nikiwa kwenye mwendo hakuna shida, ila nikisimama kwenye foleni ya Mwenge nasikia harufu ya oili inaungua. Chini ya gari hakuna hata tone. Inatoka wapi?

Marahaba. Hapo kwenye "hakuna hata tone" ndipo wengi wanapopotea, wakaamini kwamba oili haivuji. Inavuja, ila haifiki chini. Kwenye injini za IST, 1NZ na 2NZ, ekzosi imekaa nyuma, upande wa kabini. Gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko unaofunika valvu, ni mpira. Ukipigwa na joto miaka mingi unakauka na kuwa mgumu kama plastiki, na oili inaanza kujipenyeza kwa nyuma, pasipoonekana, ikiangukia ekzosi na kuungua palepale. Gari likitembea, upepo unaiondoa harufu. Likisimama, harufu inapanda mpaka kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, na feni inaivuta ndani. Ndiyo maana foleni inakuumbua.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi umulike mgongo wa injini. Ukiona utando mweusi wenye vumbi lililogandamana chini ya tapeti kava, umeshapata jibu. Chomoa na koili za plagi. Ukikuta oili kwenye mashimo, sili za humo nazo zimechoka, zibadilishwe siku hiyohiyo.

Nakuomba sana: usikubali kupakiwa silikoni juu ya gasketi ya zamani. Silikoni ina sehemu yake, kidogo tu kwenye kona ambazo kava la cheni linakutana na silinda hedi. Ikipakwa kila mahali, vipande vinadondoka ndani, vinafika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo gasketi ya bei ndogo imekuulia injini. Boliti nazo ni ndogo, zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, bila kutumia nguvu za kukazia tairi.

Halafu mwambie fundi aangalie valvu ya PCV, ile inayoondoa gesi iliyomo ndani ya injini. Ikiziba, presha inapanda na hata gasketi mpya itavuja tena. Nimeona watu wakibadilisha gasketi mara tatu kwa sababu ya valvu hiyo moja. Kazi ikiisha, ekzosi isafishwe. Harufu kidogo inaweza kubaki siku mbili tatu hadi mabaki yaungue yote.

Nilibadilisha oili jana, leo gari linanuka. Nimewekewa oili feki?

Harufu peke yake haionyeshi hivyo. Mara nyingi ni oili iliyomwagika wakati wa kujaza au kufungua filta, ikaangukia ekzosi. Inaisha yenyewe. Lakini usiipuuze bila kuchungulia filta, maana wakati mwingine mpira wa filta ya zamani unabaki umeng'ang'ania kwenye injini na mpya inafungwa juu yake. Mipira miwili haishiki, na oili yote inaweza kutoka kwa dakika chache. Ukiona panalowa hapo, zima injini.

Na Subaru Forester je? Nimeambiwa ni ugonjwa wake.

Ni umbo lake. Silinda zimelala, kwa hiyo tapeti kava ziko ubavuni, kulia na kushoto, na bomba la ekzosi linapita chini yake. Gasketi ikilegea, tone linaangukia moja kwa moja kwenye joto. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, maana umri wake ni mmoja.

Gari langu linatoa moshi wa bluu nikiwasha asubuhi, kisha unakata. Fundi anataka kushusha injini.

Mwambie asubiri. Moshi unaotoka unapowasha tu, kisha ukakata, unaelekeza zaidi kwenye sili za valvu: oili imechuruzika usiku kucha ikaingia kwenye silinda. Kwa injini nyingi sili hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi unaoongezeka kila ukikanyaga mafuta ndio unaotia shaka ringi za pistoni. Dai kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwanza. Silinda yenye kompresheni ndogo itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Ikipanda sana, ringi zimeisha, na hapo fundi wako ana haki ya kuzungumzia kushusha injini.

Nilipandisha mlima Kitonga na Hiace ya manyuo (gia za mkono) imejaa abiria, harufu ikawa kali sana. Ni oili?

Nadhani ni klachi. Klachi inanuka kama karatasi au nywele zinazoungua, na huja ukiwa unaibania mlimani kwa nusu kanyagio. Ipumzishe, panda kwa gia ndogo, na mguu uondoke kabisa kwenye klachi. Ikiwa sahani yake haijaisha, itapona.

Ila kwa yeyote mwenye harufu ya oili na safari ndefu mbele yake, pima oili kwa dipstiki, kile kijiti chake cha kupimia, kabla ya kuondoka na kila unapojaza mafuta. Taa ya oili ikiwaka, simama na uzime palepale, hata kama Morogoro unaiona. Na ukiona moshi mzito au moto chini ya boneti, shusha watu wote kwanza. Usiinue boneti wazi, hewa inaulisha moto, na usimwagie maji. Ukiweza bila kujihatarisha, legeza boneti kidogo tu na upulize mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, kupitia upenyo huo. Ukishindwa, kaa mbali uite zimamoto kwa 114.