Vitabu vinapungua na ufunguo ninao mimi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Masasi, mwaka huu nimekabidhiwa maktaba ya shule, ni chumba kimoja tu na rafu sita. Vitabu vinapungua kila wiki na ufunguo tunao mimi na mlinzi. Juzi nimenunua karanga pale stendi, nafungua kile kikaratasi nakuta ni ukurasa wa kitabu cha Baiolojia, una nusu ya mhuri wa shule yetu, niliishiwa nguvu. Mkuu anasema nifunge maktaba mpaka tupate kamera, na kidato cha nne wana mtihani Novemba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi ya karanga itunze, usiitupe, nitairudia.

Maktaba usifunge. Mimi nimekaa kaunta ya maktaba ya shule hapa Lindi miaka mingi na nimeshaona chumba kilichofungwa mvua zilipoanza Desemba, kuja kufunguliwa Aprili kurasa zimegandana na njia za mchwa zimepanda nyuma ya rafu hadi juu, vitabu ukivigusa unabaki na jalada mkononi. Hakuna mwizi aliyetuibia vile. Kwa hiyo hata hizo rafu zako zisogeze, zisiguse ukuta.

Sasa nikuulize, una vitabu vingapi? Ukisema vinapungua mimi nataka kujua vinapungua kutoka vingapi, na kama huna namba basi hata huyo mwizi akikamatwa leo hutaweza kumdai kitu. Funga siku mbili tu, chukua wanafunzi wanne waaminifu mhesabu kitabu kimoja kimoja, kila kimoja kipewe namba yake na iingie kwenye leja, nakala 10 za kitabu kilekile ni namba 10 tofauti, halafu piga mhuri ukurasa wa mwanzo, wa mwisho, na ukurasa mmoja wa katikati mtakaokubaliana wewe na mkuu, mfano wa 17. Leja ikishajaa piga picha kila ukurasa kwa simu yako, maana na leja yenyewe hupotea, tena hupotea wakati wa makabidhiano.

Kuhesabu nakusisitizia kwa sababu. Kule Marekani, Carnegie Library ya Pittsburgh ilikuwa na chumba maalumu cha vitabu adimu, kina mtunzaji wake, na mtunzaji huyohuyo ndiye aliyekuwa anavitoa na kuvipitisha kwa muuza vitabu kwa karibu miaka 25. Mali ya dola kama milioni 8 hivi. Iligundulika 2017 walipokuja watu kuthaminisha kwa ajili ya bima, yaani siku walipohesabu. Simtuhumu mlinzi wako, na wewe usimtuhumu, ila ufunguo ubaki mmoja ofisini kwa mkuu na daftari la kusaini, na wewe usaini pia, hiyo inawalinda nyote wawili.

Halafu angalia madirisha. Kama ni ya luva vile vioo vinachomolewa kwa mkono bila hata kelele, na hata yakiwa na nondo mtoto anapitisha kitabu kwa mwenzake aliye nje, nimewakamata hivyo zaidi ya mara moja. Weka wavu. Mikoba ibaki mlangoni pahali mwenyewe anaiona, na meza yako iwe hapo hapo mlangoni.

Na wanaokata kurasa kwa wembe je? Mwaka 2005 pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mkutubi aliona kiwembe sakafuni kwenye chumba cha kusomea, hakukidharau, na kwa kile kiwembe akakamatwa muuza ramani Forbes Smiley, ambaye baadaye alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Kwa hiyo ukifagia angalia unachofagia, na kitabu kikirudishwa kipekue mbele ya aliyekiazima kabla hujamfutia jina.

Ila watoto wako wanachana kwa shida mwanangu, kitabu kimoja wanafunzi 10 na mtihani huo unakuja. Ile mada inayogombaniwa itoe fotokopi, kuchana kutapungua. Na weka boksi nje ya mlango wiki mbili, anayerudisha arudishe bila kuulizwa jina, sisi tulipofanya vile tulipata hadi vitabu vya walioshamaliza shule.

Kamera zije baadaye, kwanza wavu na leja.

Na yule mama wa karanga usimwendee na polisi, naye anatafuta riziki. Nenda kanunue tena, muulize kwa upole makaratasi anayapata kwa nani, na kama bado anayo mengine yanunue yote uje uangalie mihuri na namba za kurasa, uyalinganishe na ile karatasi uliyoitunza.