Imara au thabiti: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: unamwandikia mwenzako wa kazini barua ya sifa, je, useme ni mtu imara au mtu thabiti? Imara waachie ukuta, meza, ulinzi na afya. Thabiti ni ya imani, ya ushahidi, ya msimamo. Na nimekuambia tangu uko darasa la tatu: neno usilitazame peke yake, litazame na ndugu zake. Ndugu zake thabiti ni thibitisha, ithibati, uthibitisho. Wote wa mahakamani hao. Mtu haitwi thabiti mpaka iwepo siku ya kumshuhudia.

Hapo ndipo ninapokwama mimi. Ile hadithi ya ngalawa unaijua, bibi yako alikuwa akiisimulia kila Idi: msimu wa kusi, mwaka 1971, mimi na Mjomba tunarudi Kigombe, maji yanaingia, nami mtoto wa miaka 14 nafua maji, nayachota na kuyamwaga nje, mpaka tukagusa mchanga. "Mwanangu thabiti huyu," ndivyo alivyomalizia.

Sikufua. Wimbi la pili lilipotupiga niliuachia upo, kile chombo cha kufulia maji, ukaenda na maji, nikakumbatia mlingoti nalia. Mjomba akabana kana, ule mpini wa usukani, kwapani, akachukua sufuria ya wali, ukoko bado umegandia chini, akafua kwa mkono mmoja. Hakunikemea. Pwani bibi yako alipouliza, alijibu: "Tumefua, tumefika." Tumefua! Hiyo "tu" ya mwanzo wa neno nimeibeba mpaka leo.

Kuna siku najiambia Mjomba alidanganya, na mtu thabiti hadanganyi. Kisha najijibu: alinisitiri, na siri ile hakuitoa hata tulipogombania ile minazi, mwaka mzima hatusalimiani, wakati neno moja tu lingenivua nguo mbele ya ukoo. Je, huo si uthabiti? Ulimi unaniwasha niseme ndio. Lakini litazame neno na ndugu zake: ithibati iko wapi? Shahidi ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyefaidika na kunyamaza kwake. Basi sisemi.

Siku tuliyomzika ulikuwepo, ulishika jembe mwenyewe. Sheikh alituambia tusiondoke kwanza, tumwombee ndugu yetu uthabiti, kwani sasa hivi anaulizwa na malaika kaburini. Nilishtuka. Mtu aliyebana kana kwapani vile, naye anahitaji kuombewa? Nikainua mikono, nikaomba kwa sauti kubwa kuliko nilivyozoea, mpaka ukanigeukia kunitazama. Hukuniuliza kitu. Nilitaka uniulize.

Huyo mwenzako simjui, siwezi kukuchagulia neno. Niandikie kwanza ulimwona lini maji yakiingia, na mikono yake ilikuwa inafanya nini.

Baba yako