Mkeka ukitoka, korosho ziko ghalani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mabadiliko ya mara kwa mara ya Baraza la Mawaziri yanaongeza ufanisi serikalini. Ufanisi wa serikalini waulizeni walioko huko. Mimi najua tu mkeka, yaani ile orodha ya uteuzi na utenguzi wa Rais, unavyosomeka ukiwa umesimama kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, foleni ya wakulima mbele yako, na nyuma yako ghala limejaa korosho zisizo na bei. Nitajibu kutoka hapo, na jibu langu ni hapana.

Mwaka 2018 nilikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS moja, ndicho hicho chama cha msingi cha wakulima, wilayani Newala, mkoani Mtwara. Wa kusini hawahitaji kuelezwa mwaka ule ulikuwaje, lakini gazeti lenu linasomwa hadi Kigoma, kwa hiyo niseme kidogo. Msimu uliotangulia bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu waliezeka bati, wakanunua pikipiki, wakaozesha na mabinti. Oktoba 2018 minada ikafunguliwa, zabuni zikasomwa mbele ya wakulima kama kawaida, na hakuna hata moja iliyofika 3,000. Uwanja mzima ukasema hatuuzi. Tukarudi na korosho zetu kwenye stakabadhi ghalani, yaani mkulima anashika hati na mzigo unangoja mnada, zinakaa humo zinanyauka, na unyaufu huo nani ataulipia hakuna aliyejua.

Kisha ikaja Jumamosi ya Novemba 10. Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Dk. Charles Tizeba wa Kilimo na Charles Mwijage wa Viwanda, Biashara na Uwekezaji. Kilimo akapewa Japhet Hasunga, Viwanda Joseph Kakunda. Nawaambieni, kijijini kwetu kulipigwa vigelegele kama Simba imeifunga Yanga. Mzee mmoja aliyekuwa hajasema na mimi tangu nimkatie kilo za uchafu kwenye gunia lake alikuja kunishika mkono. Jumatatu, Novemba 12, kwenye kuapishwa mawaziri wapya, Rais akasema Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi litazisomba. Malori ya JWTZ yakaja kweli.

Halafu ukaja uhakiki. Hapa ndipo penye jibu langu, mnivumilie.

Serikali haikutaka kuwalipa walanguzi wa kangomba, wale wanaomkopesha mkulima kabla ya mavuno na kumpimia kwa bakuli. Nia ilikuwa njema, na kangomba nawajua, wengine ni jirani zangu. Kwa hiyo kila jina likatakiwa lihakikiwe, na wenye kilo zaidi ya 1,500 waoneshe mashamba. Sasa njooni muone daftari la mizani. Kwetu mtu ana jina la kadi ya mpiga kura, la nyumbani, la jandoni au unyagoni, na la mtoto wake wa kwanza. Mimi karani nimeandika lile ninalomwitia. Benki ina lile la kadi. Timu ya uhakiki inashika orodha mbili zisizofanana, inapiga mstari mwekundu, inapita.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, mikorosho yake aliachiwa na mjomba wake, michache lakini inazaa. Hakuwa na mzigo mkubwa, gunia kadhaa tu. Nilimwandika kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama kijiji kizima kinavyomwita. Akapigiwa mstari. Nikamwandikia barua, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, tukaipeleka. Tukaambiwa barua haina tarehe. Tukaweka tarehe. Tukaambiwa sasa iende na nakala ya kitambulisho, na mashine ya kutolea nakala pale mjini ilikuwa imeharibika. Kila akija alikaa kwenye gunia tupu karibu na mizani, kanga yake ameifunga kiunoni, anafungua kifundo cha pembeni na kutoa ile risiti yangu. Alikuwa ameikunja na kuikunjua hadi wino wa uzito ulikuwa umebaki kivuli. Siku moja akaniuliza: "Mwanangu, huyu waziri aliyeingia, yeye ndiye atakayeliandika jina langu vizuri?" Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia inshallah.

Ramadhani ya 2019 ilimkuta bado. Juni, Kakunda naye akatenguliwa Viwanda, na nafasi yake akapewa Innocent Bashungwa, ambaye siku ile ya Novemba 10 alikuwa ameteuliwa naibu waziri wa Kilimo. Safari hii vigelegele havikupigwa. Bibi alilipwa baadaye, kimyakimya, na hakuna waziri yeyote aliyehusika. Ni kijana mmoja wa benki aliyekaa chini akasoma majina moja moja.

Ndiyo maana nasema hapana. Na kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Juni 2018, miezi michache kabla ya hayo yote, Bunge lilibadili sheria ili fedha zote za tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Zamani sehemu kubwa ilirudi kwenye zao, na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ikatoka humo. Wabunge wa kusini walipiga kelele hadi wakakauka koo. Uamuzi ule ulipita Hazina na Bungeni, lakini Novemba waliong'oka ni wa Kilimo na wa Viwanda. Mavuno nayo yakashuka, kutoka tani zaidi ya 310,000 msimu wa 2017/18 hadi kama tani 225,000. Sisemi ni salfa peke yake, mwaka una mambo mengi. Nasema tu kwamba korosho moja ina mawaziri watatu au wanne juu yake, na ukimtoa mmoja bado hujaugusa uamuzi.

Majirani zetu Kenya walifanya kwa kishindo zaidi. Baada ya maandamano ya vijana, Julai 11, 2024 Rais Ruto aliwafuta karibu mawaziri wote, na mwezi haukuisha baadhi yao wakawa wamerudi, wengine kwenye wizara nyingine. Sisi huku Katiba inataka waziri awe mbunge, kwa hiyo unazichanganya karata zilezile na kuzigawa upya.

Hata hivyo, nikitaka kuwa mkweli, nikihesabu kwa vidole, Kilimo kati ya mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2022 kilipata Mwigulu Nchemba, Tizeba, Hasunga, Adolf Mkenda, kisha Hussein Bashe. Nilianza kuandika aya hii ili kuonesha ni ujinga. Lakini Bashe aliingia Julai 2019 kama naibu, akakaa, akajifunza nyumba ilivyo, na panga pangua ya Januari 2022 ndiyo iliyompandisha. Bajeti ya wizara ikaruka kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954 kwa mwaka mmoja. Salfa tukaanza kugawiwa bure. Oktoba 2024, minada ya kwanza kupitia Soko la Bidhaa, TMX, ilivuka tena 4,000. Bei ya dunia ina mkono wake hapo, na Vietnam na India hawanunui kwa kumpenda waziri. Ila bila mkeka ule wa Januari, sijui.

Na ile 3,300 ya Novemba 2018, je, ingetoka kama hakuna aliyetumbuliwa? Nimeuacha ugali upoe nikilifikiria hili. Nadhani isingetoka. Aliyeko juu alihitaji kwanza kuonesha kwamba amekasirika.

Basi andikeni kwamba msomaji wenu wa Newala anasema wabadilishwe, tena asiyefaa asingojewe. Lakini kwa Wizara ya Kilimo isiwe kati ya Mei, tunapopuliza salfa, na mnada wa mwisho wa msimu. Asiyeweza kungoja hivyo, basi angalau amwache Katibu Mkuu kwenye kiti chake wiki hiyo ya mkeka, maana afisa masuuli ni yeye, na malipo yanasubiri saini yake, si ya waziri.