Jibu: Wilaya ndogo ya shule Texas, ni bora kuliko jimbo?

Dada, umeuliza kama asilimia ya watoto wa wilaya yenu wanaofikia kiwango kwenye mtihani kuizidi ya jimbo ina maana yoyote. Kabla ya kufurahi, tafuta idadi ya watoto. Darasa la 3 lenye watahiniwa 12, saba kati yao wakifikia kiwango ni 58%. Mmoja wa hao saba akifanya STAAR, mtihani wa jimbo, akiwa na homa na asifikie kiwango, mnashuka hadi 50%. Kwa hiyo jumlisha waliofikia kiwango katika mitihani ya miaka mitatu, ndipo ugawanye kwa watahiniwa wote wa miaka hiyo.

Fungua TAPR, ripoti ya kila mwaka ya matokeo ya shule inayotolewa na TEA, idara ya elimu ya Texas: jimbo, kanda na wilaya zimepangwa safu kwa safu. Soma mstari wa "Meets", yaani waliofikia kiwango cha darasa lao. "Approaches" (wanaokaribia kiwango) ni kupita tu, na ndiyo namba inayopendwa kwenye matangazo! Ukikuta alama ya nyota (*) mahali pa namba, si sifuri. Kundi ni dogo mno, wameficha namba kulinda watoto. Kisha linganisha watoto wa kipato cha chini na wenzao wa jimbo zima, si wote kwa wote.

Matumizi kwa mwanafunzi yakionekana makubwa usidhani ni anasa. Mkurugenzi wa wilaya ni mmoja na basi ni lilelile hata abiria wakiwa tisa, kwa hiyo gharama inagawanywa kwa watoto wachache.