Barua kwa mwanangu: hiyo laki tatu ya sacco, hapana

Mwanangu, asalaam aleikum. Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu na sikukujibu pale pale manake nilikuwa na hasira kidogo, nikaona bora kuche kwanza. Umeniuliza, "Mama, nikope laki tatu sacco ninunue bitcoin niitulize miaka mingi kama wewe, si we mwenyewe waiamini?" Naiamini, ndio, hii pesa ya mtandaoni isiyo na benki kuu. Lakini usikope. Sasa nikueleze, najua we ukiambiwa usifanye bila sababu ndio kwanza wakimbilia kufanya.

Wakumbuka nilipokuwa nikikaa kaunta ya benki. Mwaka 2019 zile noti za elfu moja za zamani zilipewa mwisho tarehe 30 Septemba. Tarehe 2 Oktoba asubuhi, hata chai sijanywa, akaja bibi mmoja wa Kisauni na leso kaifunga fundo, akalifungua pale dirishani, noti zanukia udi tupu. "Nihesabie mwanangu." Nikahesabu, sabini na mbili, za kwenda umra. Nikamwambia bibi hizi hazipokelewi tena, muda umepita juzi, akaniangalia, akaweka kidole kwenye yale maandishi ya noti, "na hapa si wameandika elfu moja?" Sikuwa na la kumjibu. Serikali ilikuwa na sababu zake, ilitaka kuwabana wenye magunia ya pesa chafu, na tangu tarehe 1 Juni watu walitangaziwa, simlaumu mtu. Lakini siku ile nilirudi nyumbani chakula hakikupita.

Basi hapo ndio nikaanza kumsikiliza yule kijana wa IT alokuwa akinichosha na bitcoin kila saa ya lanchi. Kilichonishika si bei wallahi. Ni kwamba zitakuwa milioni 21 basi, hakuna gavana wala waziri wa kuongeza wala wa kusema hizi za zamani hazifanyi kazi tena, na kila miaka minne hivi zile mpya zinazotoka zinakatwa nusu, 2009 zilikuwa zatoka 50 kila dakika kumi hivi na tangu Aprili 2024 zatoka 3.125. Na hii shilingi yetu waijua, 2019 dola ilikuwa 103 hivi, Januari 2024 ikagonga 160, ndio ikarudi 129. Mshahara wangu miaka yote hiyo haukusogea hivyo.

Nikaanza kununua 2020, za elfu mbili mbili mwisho wa mwezi, kwa M-Pesa, baada ya stima na karo zenu kutoka. (Moja inagawika vipande milioni mia, kwa hivyo huna haja ya kununua nzima, hilo naona bado lakuchanganya.) Novemba 2021 bei ya moja nzima ikafika dola 69,000, kijana wa IT akanipigia simu apiga kelele mama umetajirika. Mwaka mmoja tu baadaye, FTX, lile soko kubwa la mtandaoni la sarafu hizi, lilipoanguka, ikawa chini ya 16,000. Babako kila usiku tukila ananiuliza "na zile zako vipi?" kisha acheka mpaka apaliwa.

Sasa nisikilize hapa. Mimi nilikaa kimya si kwa ushujaa, nilikaa kwa sababu hakuna mtu alokuwa akinidai. Wewe ungekopa hiyo laki tatu Novemba 2021, baada ya mwaka yabaki kama elfu sabini na kitu, na sacco mkopo wa miaka mitatu wataka kama elfu kumi kila mwezi, bei ipande ishuke wao hawajui. Kurudi ilirudi pale 69,000, lakini Machi 2024. Miezi 28! Ungeuza baada ya miezi sita, nakujua mimi, ile tuktuk tuloinunua pamoja uliiuza kwa hasara baada ya miezi miwili tu kodi ya nyumba ilipokubana. Na hapo kuna wadhamini wako watatu ambao hata bitcoin hawaijui wanakatwa akiba zao. Riba sisemi, hiyo tushaizungumza.

Na usiniletee za rafiki yako za sarafu mpya. Luna, Mei 2022, wiki moja yatoka dola 80 hadi hakuna kitu.

Kitu ambacho hujaniuliza hata kidogo na ndio kikubwa: utaweka wapi? Mie yale maneno 12, ndio ufunguo wa bitcoin zangu na mwenye nayo aweza kuzichukua, niliyaandika karatasini nikatia kwenye lile kopo la biskuti la nyuzi zangu. Siku moja nafungua, mende kala pembe ya karatasi, neno la saba limebaki herufi nne. Moyo ulisimama. Nikamwita yule kijana, akacheka, kumbe hayo maneno hutolewa kwenye orodha ya maneno 2,048 na hakuna mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo, kwa hivyo zile nne zatosha. Mende angekula herufi moja zaidi sijui ingekuwaje. Sasa nimeandika upya kwa kalamu nzuri, nimeipeleka laminesheni bila... aa, sikuipeleka popote, nilipiga plastiki mwenyewe kwa pasi, nani apeleke maneno yale dukani. Nakala nyingine iko kwa khalati yako Malindi, bahasha imefungwa, yeye adhani ni hati ya shamba.

Bitcoin yangu yote hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya akiba yangu, kuna ile ploti ya Mtwapa na bangili za bibi yako. Masheikh wetu wenyewe hawajakubaliana kuihusu, lakini mie zaka yake naitoa, asilimia 2.5, pamoja na nyingine.

Kwa hivyo we anza na kuweka kodi na chakula cha miezi mitatu pembeni, taslimu, kisha hizo elfu mbili mbili ukitaka. Ukija Idd ntawaonesha kopo liko wapi, wewe na dadako pamoja, kwa simu usiniulize. Na wale wadhamini wapigie leo leo, kabla hawajatia saini.

Mamako