Tela la kambi hukatikia shingoni

SWALI: Habari za kazi, fundi. Natengeneza tela la kwenda kulala porini na familia, litavutwa na Prado. Fremu ni mita 2.4 kwa 1.5, na likijaa hema, maji na vyombo halitazidi kilo 750. Fundi wa mtaani kwetu hapa Morogoro anataka skwea paipu ya 40 kwa 40, unene milimita 1.5, ili liwe jepesi. Shemeji yangu anasema ninunue cheneli (chuma chenye umbo la U) ya inchi nne, "halivunjiki mpaka wajukuu". Nimsikilize nani?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Wote wawili waache kidogo. Cheneli hiyo ni kama kilo 10 kwa mita, na fremu pamoja na mkono wa kuvutia hula mita 15 hivi. Utakuwa na kilo 150 za chuma kabla hujapakia hata ndoo. Paipu ya 40 nayo ni ya mageti.

Chukua paipu ya mstatili, 75 kwa 50, unene milimita 3. Kwa uzito inaizidi ile ya 40 mara tatu, lakini kwa ugumu wa kupinda inaizidi karibu mara tisa, mradi upande wa 75 usimame wima. Ukiilaza, karibu nusu ya ugumu huo imekwenda. Dukani iweke kwenye mizani: urefu wa mita 6 uwe kilo 32 au 33. Ikisoma 28, umepewa ya milimita 2.5, muuzaji aape asiape.

Ila chuma kizuri hakikuokoi ukichomelea vibaya. Tela langu la kwanza lilirudi likiwa na mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, kama uzi mwekundu, pale mkono unapokutana na boriti ya mbele. Nikadhani ni mkwaruzo. Kupitisha grenda, ufa umeshakula nusu ya paipu, na umeanzia ukingoni mwa mshono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimechoma kuzunguka pande zote, tena najisifu.

Hapo shingoni ndipo mkono unapopindishwa zaidi kila tairi likiingia shimoni. Mshono unaokatisha upana wa mkono hapo huwa mlango wa ufa. Pitisha mkono chini ya boriti, uchomelee zile pande mbili zinazofuata urefu wake tu, zile zinazokatisha uziache. Wala mkono usiishie hapo. Upitilize mpaka boriti ya pili, zinapofungwa springi.

Vijiti vya kuchomelea aina ya E6013, vya milimita 2.5, ampea 70 hadi 90, vinatosha. Shika kwanza kwa nukta, pima kona kwa kona, vipimo vikilingana ndipo uchome, ukihama upande huu na huu ili fremu isipinde. Paipu yenye zinki isugue kabla; moshi wake utakulaza na homa.

Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati. Tela likiwa limejaa, weka ncha ya mkono kwenye mizani: itafute kilo 75 hivi. Ikiwa nyepesi mno, tela litayumba kwenye mwendo.

Ukirudi safari ya kwanza ya vumbi, osha shingoni, washa tochi, utafute ule uzi mwekundu.